Siku moja ya bibi shamba kwenye kahawa ya Mlima Elgon

Saa 11:30 alfajiri. Chai ya rangi, kiporo cha matoke, buti. Usiku mvua imenyesha, kwa hiyo njia ya juu ni utelezi mtupu na boda atadai nyongeza. Sibishani naye, anajua sina namna.

Saa 1 asubuhi. Niko kituo cha ushirika wetu, huku Kapchorwa, upande wa Uganda. Wanachama ni Wasabiny, Wagisu na wachache waliovuka kutoka upande wa Kenya, kwa hiyo kazini tunaongea Kiswahili. Kahawa iliyomenywa jana imelala kwenye tangi ikichachuka. Kijana wa kuosha anazamisha mkono, anatoa punje na kuzisugua kiganjani. Zikikwaruza kama kokoto, ute umetoka. Zikiteleza, zinarudi kusubiri. Leo zimekwaruza. Zinaoshwa na kupelekwa kwenye vichanja, ambako akina mama watazigeuza na kuondoa zenye kasoro mpaka kipima unyevu kisome asilimia 11 au 12. Kipimo hicho nakiamini, ila mkono wa yule kijana nauamini zaidi.

Saa 3. Nimeitwa na mzee mmoja mwanachama. Shamba lake ndilo ninalowaonyesha wageni: migomba, kahawa, na juu ya vyote miringaringa, miti ya kivuli, iliyotanda. Arabika, kahawa tunayolima huku, hupenda nyuzi joto 18 hadi 22, na jua la siku hizi halina adabu. Chini ya kivuli tunda huiva polepole, punje ikajaa. Majani yakianguka yanakuwa matandazo, na mizizi inashika udongo wa mteremko. Hilo la mizizi halihitaji semina: kila mtu mlimani anakumbuka maporomoko ya udongo ya Bududa ya Machi 2010.

Lakini leo mzee yuko na mkata mbao.

"Bibi shamba, nimekuita uone kabla sijauza. Mti huu una mbao nzuri."

"Shikamoo mzee wangu. Na kahawa iliyo chini yake?"

"Marahaba. Kahawa itanilipa lini? Mtoto anaingia sekondari Februari."

Hapo ndipo penye kazi yangu, si kwenye mabango ya tabianchi. Wengi hudhani mkulima hukata mti kwa kutojua. Mzee huyu anajua kuliko mimi. Mti ndio akiba yake, na ushirika hulipa mara mbili, kidogo wakati wa kupokea na kilichobaki baada ya kahawa kuuzwa. Karo haisubiri malipo ya pili. Ndiyo maana tulianzisha mfuko mdogo wa karo: mwanachama anakopa, anakatwa kwenye malipo hayo.

Tumekubaliana apunguze matawi tu, na kwa kweli yalikuwa yamezidi. Kivuli kizito hufuga unyevu, na unyevu huleta ugonjwa wa kutu ya majani. Mti wa kivuli usioguswa na panga ni hasara kama shamba lisilo na mti. Matawi atauza kuni. Mkata mbao ameondoka akinuna.

Saa 6 mchana. Mashamba matatu, nikipiga alama ya mahali kwa simu. Sheria ya Umoja wa Ulaya haitaki kahawa kutoka ardhi iliyokatwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Utekelezaji umeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini wanunuzi wameshaanza kuuliza. Afadhali mashamba yetu ni madogo: yasiyozidi hekta 4 yanatosha alama moja, si kuzunguka mpaka wote. Mama mmoja ameniuliza kama nimetumwa na watu wa kodi. Nimemwonyesha simu yote, hata picha za wanangu.

Saa 10 jioni. Mizani. Foleni ya magunia, punda wawili, kelele. Kila gunia linamwagwa kwenye maji. Zinazoelea tunaziondoa, na mbichi za kijani zinarudi na mwenyewe. Hapo ndipo tunapogombana, kwa sababu barabarani kuna mchuuzi anayenunua zote, mbichi na mbivu, na kulipa papo hapo. Sijui nimlaumuje mkulima anayemuuzia mchuuzi huyo, ilhali ana dawa ya kununua jioni hiyo hiyo. Anayebaki kwetu tunamwandikia risiti na kumpa malipo ya kwanza. Leo fedha zimetosha foleni yote. Si kila siku.

Saa 2 usiku. Mashine ya kumenya bado inanguruma, nami nazungumza na katibu kwa simu. Kamati inakaa Alhamisi kusoma maombi ya karo. Jina la mzee nimeliweka la pili. La kwanza ni la mjane wa ng'ambo ya mto, ambaye miti yake mkata mbao ameshaipiga rangi.