Soketi moja imenitoa jasho
Aisee ekstensheni ya sebuleni ilinichosha, kila anayepita anajikwaa TV inazima, kesi inaanza. Jumamosi nikasema leo hii soketi ya moja natoa naweka ya mbili mwenyewe.

Nikazima mein swichi, sio kaswichi ka soketi tu, mein yenyewe, halafu nikapima na tesa maana volti 230 hazina utani. Kufungua skrubu mbili, ndani waya tatu, nyekundu laivu (unaoleta umeme), nyeusi nyutro (unaorudisha), ule wa kijani na njano ndo athi (wa usalama, unaoenda ardhini). Nikapiga picha na simu kabla sijalegeza kitu, bora nilifanya hivyo.

Sasa kasheshe likawa boksi. La zamani ni dogo na limejengewa ukutani kabisa, soketi ya mbili haikai hata uisukume vipi, ikabidi tindo na nyundo, gonga gonga masaa mawili, vumbi mpaka kwenye sufuria ya wali, wife hakunisemesha mpaka jioni 😂

Nikafunga, nikawasha, zote mbili zinapiga kazi! Ila kuna jirani fundi umeme nikamwita aangalie, akavuta athi kidogo tu ikachomoka 🙈 sikukaza vizuri. Akakaza, akaniambia pia waya wa ukutani ni uleule wa zamani, so pasi na jagi la umeme nisichomeke pamoja hapo.

Plasta bado sijarudishia, nimesogeza kochi likaziba.