Picha za printa ya nyumbani mbele ya mama mdogo

Hapa kwetu Lubumbashi, picha ya printa ya nyumbani huhukumiwa kabla haijatazamwa. Ukisema tu kwamba umeitoa mwenyewe, mtu ataishika kwa ncha za vidole na kuanza kutafuta kasoro. Kwa hiyo safari hii sikusema kitu. Nilichukua picha moja ya ubatizo wa mpwa wangu, nikaitoa nyumbani, nikaipeleka pia studio mjini wakaisafisha. Zote zilikuwa za sentimita 10 kwa 15. Nikaziweka mezani zimechanganywa.

Mama mdogo aliinua moja, akaikunja kidogo kuipima. "Hii njo ya studio," akasema. "Iko nguvu." Ilikuwa yangu. Karatasi yake ya kung'aa ni ya gramu 260 kwa mita ya mraba, na kidole kilishaamua kabla ya jicho. Yaya, yaani ndugu yangu mkubwa, alitazama uso wa mtoto tu, akachagua ya studio: "Ile ingine imemfanya mweusi sana." Ile namba 5760 ya nukta za wino kwa inchi, iliyoandikwa kwa majivuno kwenye boksi la printa, haikuwa na maana kwa yeyote pale mezani.

Basi nikaacha kuhangaika na nukta, nikashughulika na ngozi. Skrini ya simu ina mwanga wake. Karatasi huazima mwanga wa chumba. Uso mweusi unaopendeza kwenye simu iliyowashwa mwanga wote unaweza kutoka kama kipande cha mkaa, macho hayaonekani. Siku hizi ninainua sehemu za kivuli peke yake kabla ya kuchapa. Ukiongeza mwanga wa picha nzima, gauni jeupe la ubatizo hupoteza mikunjo yake yote, na mama aliyelinunua ataliona hilo kwanza. Kisha ninachapa uso tu, mdogo, kwenye kipande cha karatasi kilichobaki, nasubiri wino ukauke, halafu natoka nao nje mlangoni. Chini ya balbu za bei rahisi wekundu wa ngozi hufifia, na ukisahihisha picha usiku chini ya balbu hiyo, asubuhi watu wote wamekuwa wekundu.

Jambo lingine lilikuwa rahisi mno hata linaudhi: kuiambia printa ni karatasi gani imewekwa. Ikidhani ni karatasi ya kawaida, inapima wino kwa karatasi ya kawaida, na ile ya kung'aa hutoka imepauka au ina madoa. Mipangilio mingine yote haikunisaidia nusu ya huo mmoja.

Halafu kukawa na kilio kwa jirani. Walitaka picha ya marehemu ya ukubwa wa A4, nao walichonacho ni ile iliyopita WhatsApp, upande mrefu pikseli 1,600. Kwa 10 kwa 15 hiyo inatosha vizuri. Kwa A4 zinabaki pikseli kama 137 kwa inchi, chini ya nusu ya zile 300 ambazo watu wa picha hupenda. Niliitoa hivyo hivyo, ikawekwa kwenye fremu juu ya meza. Walioketi mbali kidogo walimwona mzee wao, hakuna aliyelalamika. Ya mkononi ndiyo inayochunguzwa. Ya ukutani husamehewa mengi. Hata hivyo, nikipata nafasi naomba picha itumwe kama faili, isibanwe.

Wino wa printa yangu ni ule wa rangi iliyoyeyushwa. Unang'aa, lakini kwenye karatasi za bei ya chini kidole chenye maji kinauburuta. Kila pakiti mpya naijaribu hivyo kabla ya kumpa mtu picha, maana picha za familia hupita mikono ya watoto wanaokula.

Kuhusu umeme, wa Lubumbashi mnajua. Printa ikizimwa kwa kitufe, kichwa chake cha kutoa wino hurudi kwenye kifuniko. Umeme ukikatika katikati ya kazi, kinabaki wazi, na katika kiangazi chetu, hewa kavu na vumbi jekundu, wino hukauka kwenye vitundu. Ndipo mistari myeupe inapokatiza nyuso. Nilinunua onduleri ndogo, betri ya akiba ya umeme, ya kunipa muda wa kumaliza karatasi na kuzima vizuri tu. Tena kila wiki nachapa ukurasa mmoja wenye rangi zote, hata kama hakuna mteja.

Picha za ndoa bado nazipeleka studio, pamoja na zile zitakazotundikwa mahali panapopigwa na jua, kwa sababu wino wangu hupauka kwenye mwanga mapema kuliko karatasi yao. Mama mdogo nimeshamwambia ipi ilikuwa ipi. Amecheka, kisha akaleta simu yake na picha za wajukuu wote, anataka nzito kama ile.