Midomo ya Hana

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Somo letu wiki hii ni 1 Samweli 1:9–18. Mniwie radhi, nitalifikia kwa kuzunguka, kwa njia ya muziki.

Mpwa wangu alikuja Tanga wakati wa Pasaka, akaniachia flashi iliyojaa albamu za zamani, za kwetu na za ng'ambo. "Mjomba," akaniambia, "wewe ni mwalimu wa kwaya lakini masikio yako yanajua Tenzi tu. Sikiliza hizi. Moja kwa jioni, mwanzo mpaka mwisho, usirukeruke." Nikamcheka. Alipoondoka nikaanza. Adhana ya Isha ikishapita natoa kiti barazani, hapa Ngamiani, nachomeka flashi kwenye redio, na chai ya tangawizi pembeni.

Nilianza na za nyumbani, na hapo nilikuwa mtoto tena. Enzi za Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, santuri ndogo haikutosha wimbo mrefu, kwa hiyo wimbo ulikatwa: sehemu ya kwanza upande huu, ya pili upande ule. Mpwa wangu ameviunganisha vipande, ila mahali pa kukatia bado panasikika. Gitaa linafifia, kimya kidogo, halafu linarudi. Kwenye kile kimya mkono wangu ulijinyanyua wenyewe kutoka kwenye kikombe. Kugeuza santuri ya marehemu baba ilikuwa kazi yangu. Shika ukingoni, usiguse mifereji, shusha sindano taratibu kama unamlaza mtoto.

Za Waingereza wenye magitaa nilizipitia. Nyingine nilisinzia, mpwa wangu anisamehe.

Aretha Franklin hakuniacha nisinzie. Binti wa mchungaji, tayari ni nyota wa nyimbo za dunia, mwezi Januari 1972 anarudi kanisani, kanisa la Wabaptisti huko Los Angeles, anaimba usiku mbili mfululizo na kwaya ya Mchungaji James Cleveland. Wimbo wa neema ya ajabu anauchukua zaidi ya dakika 10. Sisi kwetu kwa dakika hizo tumeshamaliza na sadaka. Anashika neno moja, analivuta, analiacha, analirudia, na watu wanamjibu kabla hajamaliza. Na maneno yale yaliandikwa na John Newton, mtu aliyekuwa nahodha wa meli za watumwa kabla hajawa kasisi. Ukiwa mtu wa pwani hii, na Pangani, walikopitishwa watumwa, iko pale tu, hulisikii jambo hilo hivihivi. Lakini hilo niliache kwa wiki nyingine.

Iliyonisumbua ni ya John Coltrane, mpiga saksafoni. Aliirekodi tarehe 9 Desemba 1964, sehemu nne, jumla kama nusu saa. Sehemu ya kwanza ameshika kifungu cha noti nne tu, anakihamisha huku na huku mpaka amekipitisha kwenye sauti zote 12 za kinanda. Nikasema huyu amepotea, anatafuta mlango. Sehemu ya mwisho ndiyo kabisa: ngoma zinanguruma chini kama bahari ya kusi, saksafoni inalalama juu, hakuna mdundo wa kushika. Nikaandika kwenye daftari langu, na daftari ninalo: "Huyu alikuwa amelewa."

Mpwa wangu akapiga simu. "Umefika mwisho? Sasa fungua picha ya jalada, soma yale maandishi huku unasikiliza." Ni sala. Coltrane aliiandika mwenyewe, kisha akaipuliza silabi kwa silabi, bila kuiimba. Nikafuata kwa kidole, na Kiingereza changu cha kuungaunga. Ni kweli. Pale anapoandika asante Mungu, saksafoni inashuka na kutua. Inapanda tena, inashuka tena, asante Mungu. Na hapo jaladani anasema kuwa mwaka 1957, kwa neema ya Mungu, aliamshwa kiroho.

Nikalitazama lile neno nililoandika. Amelewa. Nilikuwa nimelisoma mahali.

Hana, mke aliyekosa mtoto, yuko hekaluni Shilo, ana uchungu moyoni. Midomo inatikisika, sauti haitoki. Kuhani Eli amekaa kwenye kiti chake mlangoni, anautazama mdomo ule, anamkaripia aachane na divai yake. Wapendwa, Eli hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mzoefu. Alizijua sala, zinavyoanza na zinavyoishia, na hii haikufanana na alizozijua.

Sasa niseme lililonikaa kooni. Mnamjua Mama Mkubwa wangu, alipata kiharusi mwaka jana. Maneno yamemtoka, amebaki na "mm" na jina la mwanawe aliyetangulia. Alhamisi tunakwenda kwake, tunasali, tunaimba, yeye anatutazama. Siku moja ilisemwa pale kitandani kwamba maskini, sasa hata kusali hawezi, tumsalie sisi. Wengi tuliitikia. Mimi niliitikia kwa sauti kubwa.

Juzi jioni ilikuwa zamu ya Black Star na Lucky Star, taarab ya hapahapa Tanga, yenye magitaa ya umeme, na Bi Shakila wa Pangani anaimba. Mama Mkubwa alikataza taarab nyumbani tangu alipookoka, sisi watoto tuliisikilizia kwa jirani. Nikapunguza sauti. Dirisha lake liko nyuma ya kiti changu. Nikasikia "mm, mm," nikadhani ananiambia nizime. Nikaingia. Alikuwa amefumba macho, mkono mzima unagonga ubao wa kitanda, na lile "mm" linapanda na kushuka pamoja na kinanda, bila kukosea hata mahali pamoja. Machozi yanamtoka, uso umetulia.

Siwaambii kwamba ile ilikuwa sala. Huenda alikuwa anaikumbuka harusi yake tu. Sijui, na nimeona kwamba Eli naye hakuambiwa. Hana alimjibu kwamba anaimimina roho yake mbele za Bwana, basi. Hakusema anaomba mtoto. Eli hakumuuliza anaomba nini. Alimwambia aende kwa amani, na Mungu ampe alichoomba, bila kukijua.

Alhamisi hii tukutane kwake saa kumi, kama kawaida. Nimemwomba mzee wa kanisa tusifungue kwa wimbo wala kwa sala. Tukae, tumpe Mama Mkubwa nafasi aanze yeye.