Siku moja ya mtunza bustani Arusha: "eti hii ni nini?"

Saa 12 asubuhi. Kabla ya chai nazunguka kibustani changu hapa Moshono. Pale tunapomwaga maganda ya jikoni kuna kitu kimejiotea chenyewe, kinatambaa mpaka kwenye seng'enge. Wife anasema boga na ameshapika majani yake mara mbili, app ya simu nayo inasema boga. Mi bado. Jani la boga ukilishika linakwaruza, hili ni laini halafu lina vumba flani hivi. Nasubiri ua.

Saa 2. Njiro, kwa mama mmoja mteja wangu wa siku nyingi. Shikamoo mama, marahaba baba, njoo uone giligilani yangu ilivyostawi! Nikaona, nikataka kucheka nikashindwa. Mbegu zake za giligilani ziligoma kitambo, alichokuwa anamwagilia kila jioni ni gugu karoti. Nikamwambia mama sugua jani unuse. Akanusa. Kimya. Giligilani hata umefumba macho unaijua, alafu ua lake linakaa kama mwavuli, hili shina lina michirizi na vinywele na viua vyake ni vitone vyeupe tu.

Nahisi liliingia na samadi, maana alishushiwa kirikuu kizima mwaka jana. Hili gugu asili yake ni Amerika huko lakini Arusha limeshajikuta nyumbani, na mche mmoja ukikomaa unamwaga mbegu zaidi ya 10,000 kwahiyo unaling'oa kabla halijatoa maua, na pale tulikuwa tumeshachelewa kidogo. Glavu, mikono mirefu, barakoa. Linawasha ngozi na chavua yake inabana kifua, mwaka juzi nilijifanya mwamba nikang'oa mikono mitupu nikajikuna wiki nzima. Mama akasema basi tumpe jirani alishe ng'ombe, nikamwambia hapana mama, maziwa yatakuwa machungu na jirani atakununia. Tukaanika tuchome.

Saa 6 chapati mbili na maharage. Simu ina picha nne za wateja, zote jani moja limewekwa kiganjani. Jamani. Nipigeni picha mmea mzima, shina, ua, tunda kama lipo, jani moja nitajuaje?

Saa 8. Sakina. Mpangaji kang'oa mgagani wa mama mwenye nyumba akidhani ni bangi!! Eti vijani vitano. Kaka, bangi kingo zake ni kama msumeno, mgagani kingo zimenyooka, na ua lake jeupe lina vijiti virefu vimechomoza. Alikuwa ameshautupa chooni kwa kuogopa polisi. Mama mwenye nyumba hajasema kitu ila kodi mwezi ujao tutaona.

Saa 10 nikabana tawi la kichaka kimoja kilichonishinda, likiwa na maua na matunda, kwenye gazeti chini ya matofali. Likikauka nalipeleka Ngaramtoni, hebaria ya taifa (pale wanapohifadhi mimea iliyokaushwa ili itambuliwe) ipo hapahapa mkoani kwetu na watu wengi hawajui.

Saa 1 usiku, nanawa miguu bombani, wife ananiita kwa sauti. Ua limefunguka. Jeupe pee, giza linaingia na lenyewe ndo linachanua, wakati boga hutoa ua la njano asubuhi. Ni mmumunye huo, ule wa vibuyu. Wife kaangalia weee, akasema: "Majani si yalikuwa matamu lakini?"