Nilipiga picha jalada nikatoka zangu

Ngoja niungame kwanza kabla sijaanza kulaumu watu. Miaka kadhaa nyuma, hapahapa Uingereza, niliingia kwenye duka la vitabu la mtaani, lile la kizamani lenye shelfu mpaka darini na muuzaji anayekuangalia kwa mbali bila kukusumbua, nikakaa mle kama saa nzima maana nje mvua ilikuwa inanyesha, nikasoma kurasa 20 za kitabu kimoja nimesimama, nikakipenda kwelikweli, halafu nikatoa simu nikapiga picha jalada nikatoka zangu. Usiku niko kitandani nikakiagiza mtandaoni kwa bei ya chini. Yani yule muuzaji alinipa joto, akanipa mwanga, akanichagulia kitabu, na hela akapata mwingine.

Duka lile lilishafungwa. Sa hivi pale wanatengeneza simu, na mimi nimeshaenda kubadilishiwa kioo palepale, aibu yangu mwenyewe.

Sasa kila duka likifungwa watu wanasema jambo moja tu, dijitali imeua vitabu. Hapo ndo huwa nabisha. Kindle, kile kifaa cha kusomea vitabu vya kidijitali, ilipotoka 2007 kila mtu alijua karatasi imekwisha, mpaka Waterstones wenyewe, ambao ndo wakubwa wa maduka ya vitabu huku, wakaanza kuziuza Kindle madukani mwao mwaka 2012. Ikaishaje? 2015 wakaziondoa maana hazikuwa zinauzika, pale zilipokuwa wakapanga vitabu vya karatasi. Watu bado wananunua karatasi, tena wengi tu, swali ni wananunua wapi na kwa bei gani.

Na habari ya bei ilianza kabla hata ya hizo simu. Huku Uingereza tangu mwaka 1900 kulikuwa na makubaliano kati ya wachapishaji na wauzaji, kwamba mchapishaji akishapanga bei ya kitabu basi kitauzwa bei hiyo kila mahali, duka kubwa duka dogo, hamna kushushiana. Wengine waliona ni ulanguzi, na wana hoja, ila ndo yalimfanya mwenye duka dogo kwenye mji mdogo aweze kuweka hata vitabu vinavyouzika nakala mbili kwa mwaka, kwasababu vile vya kugombaniwa navyo vilikuwa vinamlipa. Mwaka 1995 wachapishaji wakubwa wakajitoa, 1997 mahakama ikayazika kabisa. Na huohuo mwaka 1995 ndo Amazon walianza kuuza vitabu mtandaoni kule Marekani, huku wakafika 1998. Kwahiyo mgeni alipobisha hodi, mlango ulishang'olewa.

Hata hivyo waliofaidi mwanzo ni supamaketi. Kitabu cha mwisho cha Harry Potter kilipotoka 2007 bei ya jaladani ilikuwa pauni 17.99, Asda wakakiuza pauni 5. Pauni tano! Walikuwa wanakula hasara makusudi ili mtu akija abebe na maziwa na mkate. Wenye maduka madogo wakaona bora waende supamaketi wakanunue nakala zao huko, maana ilikuwa rahisi kuliko kwa muuzaji wao wa jumla. Hebu fikiria, umengoja miaka kitabu kinachojaza duka, siku imefika unakwenda kupanga foleni kwa mshindani wako.

Ila kinachoniuma zaidi ni hiki. Mwaka 2001 Borders, kampuni kubwa ya maduka ya vitabu ya Marekani, walimkabidhi Amazon biashara yao yote ya mtandaoni awaendeshee. Unaingia tovuti ya Borders unahudumiwa na Amazon! Na Waterstones nao wakafanya vilevile mwaka huohuo, mpaka 2006. Nadhani waliona intaneti ni kama kaunta ya nyuma, kero tu, mwachie mwenye kuiweza sisi tuuze vitabu. Kumbe pale ndo mteja anaacha jina lake, anwani yake na anachopenda kusoma, na wao wakamsindikiza mpaka mlangoni kwa jirani. Borders wa huku walianguka 2009 na maduka yao 45, wale wa Marekani wakamalizika 2011. Kuna sababu nyingine, madeni, maduka makubwa mno, lakini hilo la kugawa funguo mi siwezi kulisahau.

Ongeza na kodi ya pango katikati ya mji, ongeza kodi ya majengo ya biashara ambayo ghala la nje ya mji halilipi kwa kiwango kilekile kwa eneo lilelile, basi. Mwaka 1995 maduka ya vitabu ya kujitegemea Uingereza, yasiyo ya kampuni kubwa, yalikuwa karibu 1,900, mwaka 2016 yakawa 867.

Halafu kuna kitu wengi hawakusema. Baada ya hapo yakaanza kuongezeka! Mwisho wa 2022 yalifika 1,072. Na Waterstones waliokuwa hoi 2011 wakapewa James Daunt, jamaa ambaye alikuwa na maduka yake ya vitabu London, akafanya kitu cha ajabu, akakataa hela. Maana zamani zile meza za mbele unazozikuta ukiingia, zile za "tunakupendekezea", hakuna aliyekupendekezea bwana, mchapishaji alilipia nafasi. Daunt akasema hapana, kila meneja wa tawi apange meza yake kwa anavyojua wateja wake. Kwahiyo vitabu visivyouzika vya kurudishwa kwa wachapishaji vikapungua, maana ukichagua mwenyewe unachagua unachoweza kuuza. 2019 akapewa na Barnes & Noble ya Marekani, na mwaka 2024 peke yake walifungua maduka mapya zaidi ya 50. Sasa hiyo dijitali iliyoua kila kitu ilikuwa imelala?

Wafaransa nao waliona mapema. Tangu 1981 sheria yao inasema punguzo la kitabu kipya mwisho asilimia 5, na mtandao ulipotafuta kichochoro kwa kusafirisha bure, 2023 wakaweka kwamba ukiagiza vitabu chini ya yuro 35 unalipa usafiri angalau yuro 3. Kwa msomaji asiye na hela hiyo inauma, sikatai, na mimi nilikuwa huyo msomaji miaka mingi. Ila hawana ule ugonjwa wa kumaliza maduka kwa kushindana kushusha bei.

Mi simkatai mtandao, kuna vitabu nisingevipata kamwe bila huo, hasa vya zamani. Ila kwenye kukupendekezea kitabu mtandao bado sana. Niliwahi kumnunulia rafiki zawadi ya kitabu cha kufuga nyuki, mara moja tu, na mpaka leo naletewa nyuki, mizinga, asali, miaka mitatu sasa. Wakati yule muuzaji wa dukani nilimwambia nimechoka na riwaya za majasusi akaniletea historia ya chumvi, kitu ambacho nisingekitafuta hata nikae kwenye kompyuta mwaka mzima kwasababu sikujua kwamba nakitaka.

Sa hivi natumia Bookshop.org nikilazimika kuagiza, walianza huku Novemba 2020, sehemu ya hela inakwenda kwa duka la kujitegemea unalolichagua. Sio kama kuingia dukani, na bei mara nyingi iko juu kidogo kuliko ya wakubwa, ila naona afadhali.

Na kile kitabu cha siku ya mvua ninacho bado. Juzi nimekishika nikakuta alama yangu iko ukurasa wa 34, yani 20 nilizosoma dukani nimesimama na 14 za nyumbani.