Swali la Tarehe na Swali la Hesabu

Bunge la bajeti likianza Aprili, asubuhi zangu hapa kibandani Mwanga, Kigoma, ninakowatolea na kuwawekea watu hela za simu, hupata kelele mpya. Jirani yangu fundi cherehani hufungulia redio kipindi cha maswali na majibu kutoka Dodoma, nami nikiwa nahesabu floti, yaani salio la kufanyia miamala, na kusubiri wateja, nasikiliza nipende nisipende. Vibwagizo vyote nimeshavikariri. Mbunge anasimama, anaomba swali lake lipatiwe majibu. Naibu Waziri anasimama, kwa niaba ya Waziri, anajibu kama ifuatavyo. Mbunge anarudi: "Pamoja na majibu mazuri ya Serikali, nina maswali mawili ya nyongeza." Hayo "majibu mazuri" hunichekesha kila mara, kwa sababu jibu lenyewe mara nyingi ni kwamba kituo cha afya kitajengwa kadri fedha zitakapopatikana.

Swali linalopendwa kuliko yote ni la kuuliza tarehe. Lini barabara itajengwa kwa lami, lini maji yatafika, lini zahanati fulani itapewa gari la wagonjwa. Naelewa kwa nini linapendwa. Jina la kijiji likisomwa bungeni, watu wa huko wanashangilia, mbunge anakatiwa kipande cha video, kinazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp hadi sisi wa Mwanga tunakipata. Na Waziri naye hapati tabu. Tarehe haimfungi mtu. Upembuzi yakinifu unaendelea, mkandarasi yuko hatua za mwisho kupatikana, mwaka ujao wa fedha tutaangalia.

Kwa kazi yangu hii, wakala mkuu akija hawezi kuniuliza eti "dada, lini hesabu zako zitakaa sawa?" Ataniuliza: zimeingia ngapi, zimetoka ngapi, zilizobaki ziko wapi. Nikianza kumweleza mchakato, ananinyang'anya laini siku hiyo hiyo.

Sasa chukulia barabara zetu za mitaani. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha nyongeza ya shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli, tukaambiwa ni kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini, yaani zile zilizo chini ya wakala wa serikali, TARURA. Mwaka 2023 ikaja nyingine ya shilingi 100 kwa lita kwa ajili ya miradi ya kimkakati. Kwenye karatasi, mwenye gari Dar es Salaam na mwenye bodaboda Ujiji wanakatwa sawasawa. Lakini sisi tuko mwisho wa reli, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka bandarini. Ukisoma bei kikomo za mafuta za EWURA, mamlaka inayozipanga, utaikuta Kigoma huko juu kila mwezi. Saruji, sukari, hata daftari la mtoto, vyote hufika hapa vikiwa vimeshakunywa mafuta ya safari nzima, na kila lita ya safari hiyo ililipiwa. Kwa hiyo anayenunua kilo ya sukari Gungu amechangia TARURA bila hata kumiliki baiskeli.

Halafu mbunge anasimama kuuliza lini TARURA itatengeneza barabara yetu. Anauliza kama mtu anayeomba msaada kwa jirani! Mimi ningetaka aanze upande wa pili: tangu Julai 2021 shilingi 100 zile zimekusanya kiasi gani nchi nzima, mkoa huu umeletewa ngapi, na kila halmashauri imefanya kilomita ngapi kwa fedha hizo? Hapo Naibu Waziri hana pa kujificha. Ama ana namba, ama hana, na akisema hana, hilo nalo ni jibu ambalo redio imelitangaza.

Nimejiuliza kwa nini maswali ya aina hii ni machache. Nadhani ni kwa sababu kodi inajadiliwa Juni na huduma zinajadiliwa miezi mingine yote. Juni Waziri wa Fedha anasoma bajeti, wabunge wanaitwa jina mmoja mmoja kupiga kura, Sheria ya Fedha inapita, Julai mosi tunaanza kukatwa. Ikifika Septemba au Novemba mbunge yule yule aliyesema "ndiyo" anauliza lini zahanati itapata dawa, na Juni hakuna anayeikumbuka tena.

Sisi wa vibanda tuliiona hali hii vizuri kwenye tozo. Tarehe 15 Julai 2021 makato ya miamala ya simu yalianza, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala, kutegemea kiasi unachotuma au kutoa. Siku zile mtu hakuwa na pa kupeleka hasira zake ila kwangu. Mama wa dagaa anatumiwa hela na mteja wake wa Tabora, anakuja kutoa, anaona makato, ananiuliza mimi kama niliyepitisha sheria. "Dada, hii nyingine ni ya nini?" Namwambia ya Serikali. "Na ile ya kwanza?" Ya kampuni. "Na wewe?" Mimi wananipa kamisheni huko huko. Anaondoka akiamini tumemgawana watatu. Baadaye wengi wakaacha kabisa. Noti zikaanza kusafiri tena mikononi mwa makondakta na manahodha wa boti, kama zamani kabla ya simu. Kamisheni yangu ilishuka hadi nikawaza kuuza vocha peke yake.

Kelele zilipozidi, Septemba mwaka ule ule tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30, na bajeti ya 2022/23 ikashusha kiwango cha juu kutoka 7,000 hadi 4,000. Lililonikaa ni namna wabunge walivyogeuka. Wengi waliounga mkono Juni, Agosti walikuwa wanazungumza kana kwamba tozo iliingia kwa mlango wa nyuma. Haikuingia hivyo. Katiba yetu, Ibara ya 138, inasema hakuna kodi itakayotozwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge. Wao ndio mlango wenyewe. Angalau Spika wa wakati ule, Job Ndugai, aliitetea tozo hadharani, na mwishoni mwa mwaka akaonya kuwa mikopo ikizidi nchi inaweza kuja kupigwa mnada. Tarehe 6 Januari 2022 akajiuzulu. Mambo ya hesabu yana gharama zake nchi hii, hata kwa aliyekalia kiti kikubwa.

Serikali nayo haikukaa kimya. Ilionyesha madarasa na vituo vya afya ikasema hizo ndizo tozo. Hapo hapo kulikuwa na mkopo wa IMF wa shilingi trilioni 1.3 wa kukabiliana na Uviko, nao umejenga madarasa. Wateja wangu wengi hawajui darasa lipi lilijengwa na fedha ipi, na hata mimi nisingejua kama kibao hakijaandikwa. Swali la mbunge lilipaswa kututenganishia hayo.

Kuna na kodi ya majengo kwenye LUKU. Hii nitaipitia upesi kwa sababu nikianza huwa simalizi. Tangu Agosti 2021 nyumba ya kawaida ilikatwa shilingi 1,000 kwa mwezi kupitia umeme, kisha bajeti ya 2023/24 ikaipandisha kuwa 1,500. Kodi ni ya mwenye nyumba. Anayenunua umeme ni mpangaji. Tuliambiwa tuelewane na wenye nyumba. Anayefikiri mpangaji wa Mwanga anaweza kumkata mwenye nyumba wake 1,500 kwenye kodi ya pango hajawahi kupanga.

Nisionekane nasema wabunge wetu hawajui kuuliza. Mkoa huu una historia kwenye jambo hili, na wakubwa wanaikumbuka. Mwaka 2007 Zitto Kabwe, wakati huo mbunge wa Kigoma Kaskazini, alihoji mkataba wa mgodi wa Buzwagi uliosainiwa London. Bunge likamsimamisha. Lakini swali halikusimama. Rais akaunda kamati ya Jaji Mark Bomani, Zitto mwenyewe akawekwa humo, na Sheria ya Madini ya 2010 ikaja na mrabaha wa dhahabu wa asilimia 4 badala ya 3. Dhahabu yenyewe ya Buzwagi ilikuwa Kahama, si kwetu.

Mwaka 2014 ikawa Escrow. David Kafulila wa Kigoma Kusini aling'ang'ania kuhoji fedha zilizotolewa kwenye akaunti ya Tegeta Escrow, pale Benki Kuu, zilizowekwa humo kwa sababu ya mgogoro wa TANESCO na IPTL, kampuni binafsi ya kufua umeme, kuhusu malipo ya uwezo wa mitambo. Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Jaji Frederick Werema, akamwita tumbili, bungeni, mchana kweupe. Novemba mwaka ule taarifa ya Kamati ya Hesabu za Serikali ikasomwa, mwenyekiti wake akiwa Zitto. Desemba Werema akajiuzulu, Profesa Anna Tibaijuka akaondolewa uwaziri, na Januari 2015 Profesa Sospeter Muhongo naye akaachia ngazi.

Kuna kitu nakiona kwenye sakata lile ambacho sijasikia watu wakikisema sana. Wakati wabunge wawili wa Kigoma wanahoji fedha za umeme wa IPTL, Kigoma yenyewe haikuwa kwenye gridi ya taifa. Tulikuwa na majenereta ya dizeli, na yakikohoa, mji mzima giza. Gridi imekuja kufika mkoani miaka mingi baadaye ikipitia Nyakanazi. Wangeweza kuuliza tu "lini Kigoma itapata umeme wa gridi," wakapigiwa makofi nyumbani. Walichagua kuuliza hela za umeme wa watu wengine zimekwenda wapi, na hao wengine walikuwa sisi pia, kwa sababu shirika ni moja na hazina ni moja. Na tuseme ukweli wote: uchaguzi wa 2015 Kafulila hakurudi bungeni. Wapiga kura tuna tabia zetu.

Nilimweleza hayo mzee mmoja mstaafu wa reli, huja kwangu kila mwezi kuchukua pensheni yake kwenye simu. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Binti yangu, angalia usituponze. Tukianza kudai kila hela irudi ilikokatwa, Kigoma tutakula nini? Dar ndiyo inayokusanya." Nikakaa kimya. Ana hoja. Reli mpya inayotoka Tabora kuja huku, kilomita 506, mkataba ulisainiwa Desemba 2022; hiyo haiwezi kujengwa kwa ushuru wa migebuka na mawese.

Na si kila kodi watu wa huku wanaichukia. Bajeti ya 2018/19 ilipandisha ushuru wa mafuta ghafi ya mawese yanayotoka nje hadi asilimia 25. Wakulima wa michikichi walifurahi, maana kwa miaka mingi mafuta ya Asia yaliwashinda bei, na serikali ilikuwa ndiyo inaanza kuhimiza miche mipya kutoka kituo cha utafiti cha Kihinga. Mama wa maandazi hapa jirani hakufurahi. Wote wawili ni wateja wangu, nao huulizana habari za asubuhi bila ugomvi, kwa hiyo mimi nani niwagombanishe.

Lakini nilimjibu mzee kesho yake, maana usiku jibu lilinijia. Nikamwambia, mzee wangu, sidai irudi. Nadai isomwe. Dar ikusanye, Kigoma iletewe, sawa, ila tuambiwe kilichotoka hapa na kilichokuja hapa, vyote viwili kwa siku moja na kinywa kimoja. Ikionekana tunaletewa zaidi ya tunachotoa, hata sisi tutapunguza kulalamika. Akacheka. "Hapo mtakuwa mmejifunga wenyewe," akasema, "ila liandike."

Nimeliandika. Ibara ya 63 ya Katiba inaliruhusu Bunge kumuuliza Waziri yeyote jambo la umma lililo kwenye wajibu wake, kwa hiyo halivunji sheria ya mtu. Nalipeleka ofisi ya mbunge wiki hii, hivi lilivyo:

"Tangu nyongeza ya shilingi 100 kwa lita ya mafuta ianze mwaka 2021, Serikali imekusanya kiasi gani kila mwaka, kila halmashauri ya Mkoa wa Kigoma imepokea kiasi gani kupitia TARURA, na ni barabara zipi, za urefu gani, zimetengenezwa kwa fedha hizo?"

Fundi cherehani anasema ni refu, Bunge linataka swali fupi, watalikata na kubakiza "ni barabara zipi." Kama kuna msomaji anayejua namna ya kulifupisha bila kutoa "kiasi gani" hata moja, aniandikie kabla ya Ijumaa.