Niliahidiwa Heroe

Nilichoahidiwa ni heroe, wale ndege wa waridi wenye miguu mirefu. Shemeji yangu anayekaa Malindi aliniambia mlango wa mto Sabaki hujaa hao mpaka ukageuka waridi, nami alfajiri moja ya Januari nikapanda tuktuk na darubini ya kuazima. Kutoka mjini hadi darajani ni kilomita chache tu, barabara ya Mambrui. Hapo nikamkuta kijana wa kijijini anayetembeza wageni, tukashuka naye kwa miguu tukiufuata mto.

"Mama, tumewahi mno," akasema alipoyatazama maji. "Bahari imekupwa. Ndege wametawanyika huko mbali, utaona madoa tu."

Sikumsikiliza. Nikaingia matopeni, na hatua ya nne kandambili ya kushoto ikabaki chini. Tukapapasa mpaka tukaipata, nyekundu kama tofali. Tope lile limesafiri kuliko mimi. Kule juu mto huu unaitwa Athi, unapokea maji ya Nairobi. Ukipita Tsavo ni Galana. Huku kwetu ndio Sabaki, na udongo wa mashamba ya bara unakuja kutua hapa. Mvua zikinyesha huko, bahari ya Malindi huwa rangi ya chai ya maziwa, na wanaokuja kuogelea hununa. Lakini humo topeni ndimo walimo minyoo na kaa wadogo wanaowaleta ndege.

Tukakaa kivulini mwa mchu, mmojawapo wa mikoko, tukasubiri. Nilikatazwa kuzurura vichakani kwa sababu ya viboko. Hilo nilimsikiliza.

Kama saa nne maji yakaanza kujaa. Kila fungu la mchanga lilipozama, vitwitwi waliokuwa juu yake waliruka kwa pamoja, wakageuka hewani, tumbo jeupe, mgongo wa kijivu, tumbo jeupe tena, kisha wakatua fungu lililo karibu zaidi na sisi. Bahari ndiyo iliyokuwa ikituletea. Mmoja alisimama hatua kama ishirini hivi, mdomo mweusi umepinda kuelekea chini, mguu mmoja ameukunja. Kaskazi ilipomsukuma alirukaruka kwa mguu uleule, wa pili hataki kuushusha. Ndege wa kufumbatwa kiganjani, na huyu hutaga Siberia, kaskazini kabisa mwa Urusi! Baridi ya huko ikikaribia huja kwetu, akakaa hadi Aprili hivi.

Nyuma yao buabua, ndege wa baharini, walijipanga, wote wameukabili upepo kama waumini safuni. Furukombe, tai mla samaki, akapita juu, safu ikavunjika, fungu zima likabaki tupu. Dakika mbili tatu, wakarudi mmoja mmoja, kila mtu na kelele zake.

"Na heroe je?" nikauliza tulipokuwa tunapanda kurudi darajani.

Kijana akacheka. "Wale hawana ratiba, mama. Wiki jana walikuwepo."